Umeumia kazini: wakili unamhitaji lini?

Mama zangu wabanguaji, kaka zangu wa maghalani na bandarini hapa Mtwara, wakubwa shikamooni.

Mmeniita nijibu swali moja: mtu akiumia kazini, ni lazima awe na wakili ndipo apate fidia? Kwa madai mengi, hapana. Ila yapo ambayo ukienda peke yako utaonewa.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayeuchangia ni mwajiri. Mshahara wako haukatwi hata senti. Wala hudaiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Linaloulizwa ni kama uliumia kwa sababu ya kazi, basi. Kwa hiyo kazi kubwa ni taarifa. Mwambie mwajiri mapema, naye ana siku 7 za kuufikishia Mfuko. Madai yasivuke miezi 12. Hospitalini mweleze daktari kilichokuunguza, aandike. Cheti kikisema "kidonda mkononi" tu, nani atajua kwamba ni mafuta ya ganda la korosho? Hapo wakili hajahitajika bado.

Anahitajika pale mwajiri anaposema: "Huyu simjui, alikuwa kibarua tu." Jambo hili linaniuma kuliko yote, maana msimu wa korosho ukifunguka watu wanaingia kazini bila karatasi yoyote, na akiumia mmoja jina lake halionekani popote. Ndugu zangu, makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hata kwa kigezo kimoja tu, mfano kama amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Tunzeni ujumbe wa malipo ya simu, tunzeni picha za kazini, mjue majina kamili ya mnaofanya nao kazi. Mwanasheria akivipata hivyo ana pa kuanzia.

Pa pili ni asilimia ya ulemavu wa kudumu. Ukipimwa 30 au chini yake, unalipwa mara moja na yameisha. Ikizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi. Kwa kuli aliyevunjika mgongo, tofauti hiyo ni maisha ya watoto wake. Usiporidhika, omba uamuzi upitiwe upya, na njia hiyo inafika hadi mahakamani. Usiende bila maoni ya daktari mwingine na mtu anayeijua sheria.

Akifariki mfanyakazi, na wajane ni wawili au ndugu wanagombana, tafuteni mwanasheria kabla ya fomu kujazwa.

Fedha ya wakili je? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Wa viwandani, TUICO ni chama chenu cha wafanyakazi, kiulizeni. Akitokea mtu anataka sehemu ya fidia yako ili "akufuatilie" madai ambayo hayana ubishi wowote, mkatalie.

Mwenye cheti cha hospitali aje nacho hapa mezani sasa, tukisome pamoja kabla hamjatawanyika.