Riwaya ya Upelelezi na Msomaji Aliyelelewa kwa Vitendawili

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa Tanga, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza nanyi jioni hii kuhusu riwaya ya upelelezi na watu wanaoisoma. Wataalamu wameiweka katika fungu la fasihi pendwa, na jina hilo mara nyingi limetamkwa kama lawama, kana kwamba kitabu kikishapendwa na wengi kimejivunjia heshima. Hoja yangu ni kwamba riwaya hii ilishika mizizi upesi kwetu kwa sababu ilimkuta msomaji aliyekwisha kufundwa kuisoma, na aliyemfunda alikuwa bibi yake, kwa vitendawili.

Umbo lenyewe lilitoka ng'ambo. Edgar Allan Poe alichapisha Marekani, mwaka 1841, hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina hii, na mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akamtokeza mpelelezi Sherlock Holmes huko Uingereza. Kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, na humo tukampata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Wasomi wameona kivuli cha Holmes nyuma ya Bwana Msa, nami sikatai. Lakini kivuli hicho hakielezi kwa nini watu ambao hawakupata kumsikia Holmes walikipokea kitabu hicho kama jambo la nyumbani.

Kumbukeni inavyokuwa barazani baada ya chakula cha usiku. Mtegaji husema "Kitendawili!", nasi huitika "Tega!", naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anayejibu upesi hukosea, kwa kuwa ameliamini neno nyumba, yule anayelitilia shaka, akaligeuza upande huu na upande ule, ndiye anayefika kwenye yai. Tukishindwa, mtegaji hudai mji, nasi humpa Pangani au Mombasa, naye akikubali ndipo hutufungulia. Jibu hupatikana kwa jasho la akili au kwa mji, na hakuna anayelipata bure. Sasa mtazameni msomaji wa Bwana Msa, ambaye kila shahidi anamwambia neno lenye sura mbili, na siri anayoitafuta mara nyingi imejificha katika nasaba, katika nani ni mtoto wa nani. Kazi anayoifanya ni ile ile ya barazani, isipokuwa sasa kitendawili kina kurasa nyingi na mji anaoutoa ni usingizi wake.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na upelelezi ukahamia kwa askari wa mjini. Katika miaka ya 1970 akaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, anayepambana na maadui wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, kisha Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Wakati huo taifa lilikuwa limeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na makuli wa bandarini na vibarua wa mashamba ya mkonge walikuwa wakijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo bora na afya. Vitabu hivyo vilikuwa na manufaa, lakini havikumfanya mtu atamani ukurasa unaofuata, na anayekosa kutamani ukurasa unaofuata husahau kusoma. Naamini kwa dhati kwamba Willy Gamba aliwabakiza wengi katika kusoma baada ya madarasa kufungwa. Lipo hata hivyo jambo ambalo siwezi kulitetea: katika nyingi ya riwaya hizi mwanamke amechorwa kama chambo au kama zawadi ya mshindi, na wasomaji wanawake, ambao walikuwa wengi kuliko inavyodhaniwa, walilazimika kuliruka hilo ili waifuate hadithi.

Ukubwa wa usomaji huu haupimwi kwa nakala zilizouzwa. Hapa Ngamiani, katika mji wetu wa Tanga, nakala moja ilitoka barabara hii ikaingia ile, ikarudi miezi kadhaa baadaye bila jalada. Nilipokuwa kijana, jirani yetu mmoja, fundi cherehani, alikuwa akitusomea riwaya moja ya upelelezi kwa sauti kila jioni, nasi tukimkatiza kumtaja tuliyemshuku. Tulipofika mwisho tukakuta karatasi ya mwisho imechanika. Tuliulizia kwa wiki nyingi, kila aliyekuwa na ndugu Muheza au Korogwe akaandika barua, na hatukupata nakala nyingine. Fundi akatuambia kila mtu aseme muuaji ni nani na aoneshe ni maneno gani yaliyomfikisha hapo. Tukabishana hadi adhana ya alfajiri. Sijapata kuhudhuria darasa la fasihi lililosomwa kwa makini kama lile, ingawa nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi.

Leo hadithi hizi zinasomwa kwenye simu, sehemu moja kila siku, na mwandishi hukatiza pale pale ambapo roho inadunda, kama magazeti yalivyofanya kabla yake. Nimewaona vijana wakishindana kukisia sehemu ijayo, nami nikawatambua.

Ile nakala ninayo, na ndani yake yameandikwa kwa kalamu majina kumi na moja ya waliowahi kuiazima. Miaka mingi baadaye niliipata nakala kamili, nikanakili ukurasa wa mwisho na kuubandika mahali pake. Fundi ndiye aliyekuwa amepatia, naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.