Aktiveta ya Fundi, Flashi ya Mteja

ZAITUNI: Karibuni. Leo tunarekodi dukani kwangu hapa Arua, kwa hiyo mkisikia printa ikikoroma, mvumilieni, ni mzee. Okello, umeamkaje?

OKELLO: Nimeamka salama, dada. Ila laptopu yangu ndiyo mgonjwa. Ni Windows 10.

ZAITUNI: Msaada wake wa kawaida, yale marekebisho ya usalama kutoka Microsoft, uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya juzijuzi. Laptopu zetu hizi za mitumba, nyingi zinakwama hapo.

OKELLO: Fundi ameniambia nisijali. Ana kopi kwenye flashi, pamoja na aktiveta, ile programu ya kuifanya Windows ikubali bila kulipia leseni.

ZAITUNI: Akakuambia uzime antivirusi kwanza?

OKELLO: Ulijuaje?

ZAITUNI: Wote husema hivyo. Sasa fikiria: programu hujui kaiandika nani, unaipa ruhusa zote, na askari wa zamu umemtuma dukani akanunue sigara. Hata kama fundi ni mtu mwema, yeye mwenyewe aliipata wapi?

OKELLO: Basi nihamie Linux, ule mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kule hakuna virusi.

ZAITUNI: Hapo nakukatalia, mdogo wangu. Vipo. Mimi natumia Linux Mint hapa dukani, na kinachonipa usingizi ni kwamba programu karibu zote natoa kwenye ghala moja. Vifurushi vyake vinalindwa kwa saini za kidijitali, na kompyuta huzikagua kabla ya kusakinisha chochote. Sizunguki kwenye tovuti nikibonyeza kila kitufe cha kijani kilichoandikwa pakua.

OKELLO: Na flashi za wateja? Maana hapa zinaingia za kila aina.

ZAITUNI: Ee, hizo! Juzi alikuja kijana na barua ya kuomba kazi. Kwenye kompyuta ya kwao kila folda ya flashi ilikuwa imegeuka njia ya mkato (shortcut). Ukibonyeza, unakiamsha kirusi, halafu folda inafunguka kama kawaida, wewe hushuku kitu. Kwangu niliona folda zake zimekaa palepale, kirusi kilikuwa kimezificha tu, na pembeni faili za ajabu zinazoishia na lnk, ndizo zile njia za mkato za Windows. Kwa Linux hizo ni takataka, hazina pa kukimbilia. Nikachapa barua, nikafuta uchafu, akaenda.

OKELLO: Akapona.

ZAITUNI: Flashi ilipona. Kompyuta ya kwao bado inaumwa, akiichomeka tena tu, tunarudi mwanzo. Nilimwambia, sijui kama alinielewa.

OKELLO: Lakini dada, si hata huko Linux waliwahi kuingiza mlango wa nyuma, wa kuingilia kompyuta za watu kwa siri? Ile ya 2024.

ZAITUNI: xz. Ngoja niieleze polepole, maana inanitia baridi mpaka leo. xz ni programu ndogo ya kubana faili, iko kila mahali, na aliyekuwa akiitunza alikuwa amechoka. Akatokea mtu anajiita Jia Tan. Akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, kazi safi kabisa, mpaka akakabidhiwa funguo za kutoa matoleo mapya. Ndipo akaficha sumu kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1.

OKELLO: Mgeni aliyelima shamba misimu miwili ili apate ufunguo wa ghala!

ZAITUNI: Ndiyo huyo. Akanaswa vipi? Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine zake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, Okello! Wengine tungesema ni mtandao wa leo. Yeye akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza.

OKELLO: Kwa hiyo msimbo wa programu kuwa wazi kwa kila mtu kuusoma haukumzuia mtu.

ZAITUNI: Haukumzuia kuingia. Ulimwezesha Freund kuchimba mpaka mzizi bila kumwomba mtu ruhusa. Na Debian ya kawaida, aina nyingine ya Linux, ile isiyo na haraka ya matoleo mapya, haikuguswa. Ndiyo maana mimi kwenye kazi napenda mifumo isiyo na haraka.

OKELLO: Sawa, nimekubali. Sasa nisaidie: nikifungua CV yangu ya Word kwenye LibreOffice, ile programu ya bure ya kuandikia, inavurugika, ukurasa mmoja unakuwa miwili.

ZAITUNI: Ni fonti hiyo. Uliandika kwa Calibri, na mashine haina. Sakinisha Carlito, herufi zake zina upana uleule, mistari itarudi mahali pake. Printa ndiyo shughuli. Kabla hujanunua, uliza kama inakubali Linux. Nina moja chini ya meza inashikilia mlango.

OKELLO: Na hizi amri za terminali, lile dirisha la kuandikia amri, watu wanatumiana WhatsApp, “bandika hii, itapona”?

ZAITUNI: Zinaanza na sudo, lile neno la kuipa amri ruhusa zote?

OKELLO: Zote.

ZAITUNI: Basi huyo ni fundi wako na aktiveta yake, amebadilisha shati tu. Umebandika ngapi?

OKELLO: Kwenye kompyuta ya ofisini... mbili. Tatu.

ZAITUNI: Lete hapa tuzisome. Wasikilizaji, subirini kidogo, kuna mteja mlangoni, na Okello ana mengi ya kunieleza.