"Shangazi, Niletee Switch 2": Kabla Hamjaitupa Ile ya Zamani

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, na nyinyi wa Maskati ambao kila video mnauliza kwa nini siwataji, leo nimewataja. Niko jikoni kwangu hapa Leicester, nimetoka zamu ya usiku, sijalala. Chai ipo mezani. Nimesema hili jambo nisipolisema leo nitalala nalo.

Juzi nimepata ujumbe wa sauti wasapu, kutoka kwa mtoto wa kaka yangu, yupo Tanga, anamaliza darasa la saba. Anasema: "Shangazi, shikamoo. Ukija Idi naomba uniletee Switch 2. Hii yangu imeshakufa."

Kwa msioijua, Switch ni mashine ya Nintendo ya kuchezea gemu, na Switch 2 ndiyo mpya yake. Ujumbe huo nimeusikiliza mara tatu. Nikamuuliza, imekufaje, haiwaki? Anasema inawaka. Kioo kimepasuka? Hakijapasuka. Sasa imekufa nini, mwanangu? Akanijibu: "Imetoka mpya."

Hapo ndipo niliposhika kamera. Kwa sababu wiki ile ile mama yake alinitumia video, huyu mtoto na mdogo wake wamekaa barazani, kila mmoja kashika kipande chake cha pembeni, wanashindana magari, kelele mpaka bibi yao katoka ndani kuwanyamazisha. Kitu kinachochezwa hivyo hakijafa, wallahi.

Ngoja nisogeze kamera muione. Ya kwangu hii hapa, sawasawa na ya kule. Nintendo Switch, ilitoka tarehe 3 Machi 2017. Unaishika mkononi, ukitaka kucheza kwenye TV unaisimamisha kwenye kitako chake, picha inahamia kwenye kioo kikubwa. Hivi vishikio viwili vya pembeni vinachomoka, hiki cha bluu na hiki chekundu, na kila kimoja kinaweza kuwa pedi ya mtu mmoja. Yaani mashine moja, watoto wawili, bila kununua kitu kingine. Mrithi wake, Switch 2, aliingia sokoni tarehe 5 Juni 2025. Bei aliyoanzia hapa Uingereza ni paundi 395.99. Igeuzeni iwe shilingi zetu za Tanzania, ni zaidi ya milioni moja, na hapo bado hujashika gemu hata moja.

Sitaisema vibaya mashine mpya. Mwenzangu kazini anayo, ameniachia nikaicheza mapumziko mawili matatu. Ni nzuri. Kioo inchi 7.9 dhidi ya inchi 6.2 za hii, picha imekaa safi zaidi, na ndani ina nafasi ya GB 256 wakati hii ina 32 tu. Kuna gemu ambazo huzipati kwingine: Mario Kart World, Donkey Kong Bananza. Mtu anayeishi huku, ana intaneti ya nyumbani isiyokatika na pesa yake haina kazi nyingine, anunue, afurahi.

Lakini mimi ninayemzungumzia yuko Tanga. Na Tanga kuna mambo mawili: umeme na bando.

Nianze na umeme. Mashine niliyompelekea ni ya toleo la pili la Switch hii hii ya zamani, lile lililotoka 2019. Kwa macho halina tofauti na la kwanza, ila betri yake inakaa kati ya saa 4.5 na saa 9, kutegemea gemu. La kwanza lilikuwa saa 2.5 hadi 6.5. Sasa hiyo Switch 2, kwa hesabu ya watengenezaji wenyewe, inakaa saa 2 hadi 6.5. Mnaona? Mpya ina nguvu zaidi, kwa hiyo inakula zaidi. Umeme ukikatika saa moja jioni, mwenye mashine ya zamani ndiye atakayekuwa anacheza mpaka saa ya kulala. Na ukiwa na pawabenki yenye waya wa USB-C, unaichomeka na unaendelea.

Bando sasa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi hawalijui hili, hata huku.

Hii ni kadi ya gemu. Sisi zamani tungeiita kaseti. Ndogo, tazameni, haifiki hata ukucha wangu wa dole gumba mara mbili. Kwa gemu nyingi za Switch, gemu lenyewe limo humu ndani. Unachomeka, unacheza, huna haja ya intaneti. (Na mkiwa na mtoto mdogo nyumbani msiogope sana, kadi hizi zimepakwa kitu kichungu makusudi ili mtoto asizimeze. Mdogo wake huyu bwana aliitia moja mdomoni, akaitema pale pale, chungu kama shubiri, akalia, na hakurudia tena.)

Kwenye Switch 2 kumekuja aina nyingine ya kadi. Ukiinunua dukani utaiona imekaa kwenye boksi lake kama kawaida, ila ndani ya kadi gemu halimo. Mle umo ufunguo tu. Ukishaichomeka, mashine inakwenda intaneti kulipakua gemu zima, na baadaye ukitaka kucheza lazima kadi iwe ndani. Si gemu zote ziko hivyo, Nintendo wenyewe za kwao kubwa wanaziweka kwenye kadi nzima. Lakini za kampuni nyingine nyingi ndivyo zinavyokuja. Mtoto wa Ngamiani, kule Tanga, anayenunua bando la siku, gemu la GB 40 atalipakua lini? Mtampa zawadi, atafungua boksi mbele ya wenzake, halafu atakaa anaangalia mstari unaojaa pole pole mpaka bando liishe. Siwezi kumfanyia hivyo.

Na kuna memori kadi. Hii ya zamani inapokea memori kadi ya kawaida, ile ile ya kwenye simu. Mpya inataka aina yake maalumu, microSD Express, ghali, na ya kawaida ukiichomeka haitaweka gemu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Switch ya zamani bado ina faida, mimi namrudishia swali: unacheza wapi, na una gemu ngapi hujazimaliza? Huyu wangu ana kadi nne. Nne! Kati ya hizo, ile ya Zelda ya mwaka 2017 hajafika hata nusu, alikwama kwenye hekalu moja akaiacha. Ile ya magari, Mario Kart 8 Deluxe, ina njia 48, na ukinunua nyongeza zinafika 96. Watu wanne wanacheza kwenye kioo kimoja. Na kama mtaani kuna mashine nyingine yenye gemu hilo hilo, zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila intaneti kabisa.

Mnasema gemu mpya haziji tena? Zinakuja. Pokémon Legends: Z-A ilitoka tarehe 16 Oktoba 2025, mashine zote mbili. Hades II, Septemba 2025, zote mbili. Metroid Prime 4, Desemba 2025, zote mbili. Kwenye mpya zinakwenda laini zaidi, ndiyo, lakini wa zamani hajafungiwa mlango. Mlango utafungwa siku moja, hilo nitalisema sasa hivi. Ila haufungwi siku ile mrithi anapozaliwa.

Na hapa ndipo pa kuumiza kidogo, maana mimi limenipata.

Kabla ya hii nilikuwa na Nintendo 3DS, ile inayokunjwa kama kitabu. Switch ilipotoka Machi 2017, watu wote walisema kile kimeisha. Mimi nikaendelea nacho, kwenye basi, kwenye mapumziko ya usiku wazee wa kazini wakishalala. Na hakikuisha! Mwaka ule ule wa 2017 kilipata Metroid mpya, Pokémon mpya. Kilitengenezwa mpaka 2020. Duka lake la mtandaoni likabaki wazi miaka sita baada ya Switch kuzaliwa, likafungwa tarehe 27 Machi 2023. Kucheza na watu wa mbali kukakoma Aprili 2024.

Miaka sita nilikuwa na orodha kwenye daftari, gemu ndogo ndogo za bei nafuu ambazo hazikuwahi kutoka kwenye kadi. Nikisema mwezi ujao, mwezi ujao, mara ada ya shule ya mtu, mara msiba nyumbani. Siku ilipofika nilikuwa zamu ndefu, nikakumbuka kesho yake. Nikafungua, naweza kupakua tena nilivyokwishanunua, ila kununua kipya, basi. Kifaa changu mpaka leo kinawaka, kadi zangu zote zinafanya kazi. Zile nilizoziandika kwenye daftari ndizo nilizozikosa.

Ndiyo maana nasema, anayekuwa na Switch ya zamani asihangaike na habari ya mashine mpya. Ahangaike na duka. Kama kuna gemu unalitaka na halipo kwenye kadi, linunue sasa wakati duka liko wazi, ulipakue kwenye memori kadi. Na za kwenye kadi, huu ndio wakati mzuri, kwa sababu wanaohamia Switch 2 wengi wanauza walivyokuwa navyo. Wala hutupi pesa, kwa maana karibu gemu zote za Switch zinachezeka kwenye Switch 2. Siku Mungu akijaalia ukaipata, kadi zako unahama nazo.

Kitu cha pili kinachoua hizi mashine ni betri, na hiki kinatuhusu sana sisi wa kufungia vitu kabatini. Mama mtoto akikasirika kwa ajili ya matokeo ya shule, anaichukua, anaifunga kabatini miezi minane. Wifi yangu, najua unaangalia, nakupenda. Ifunge, lakini ifunge ina chaji. Betri ikikaa imeisha kabisa kwa muda mrefu inaweza isikubali tena kuchajiwa. Angalau kila miezi sita itoe, ichaji, irudishe.

Cha tatu ni vijiti vya kuongozea. Kile cha kushoto cha Tanga kilianza kujiendea chenyewe, gari linakwenda kulia hujaligusa. Walikuwa wamekwenda nayo ufukweni Raskazone, wameicheza na mikono ya mchanga. Mtoto akaniambia basi, ndiyo imekwisha. Nikamtumia kijiti kipya kwa mtu aliyekuwa anakwenda, kitu kidogo kama kifungo cha koti, na fundi simu wa kule Ngamiani akakifunga. Hakuwahi kuifungua mashine hii maishani mwake. Alichoniambia kwa simu ni kwamba skrubu zake zina miguu mitatu, wala si minne, akatafuta bisibisi yake, na nusu saa haikupita. Mafundi wetu wana mikono, jamani. Kifaa kisiitwe mfu kabla fundi hajakiona.

Wengine mtaniuliza: shangazi, sisi hatuna hata hiyo ya zamani, tunataka kuanza. Sawa. Iliyotumika inafaa, ila geuza mgongoni usome. Ukiona HAC-001 peke yake, ni toleo la kwanza la betri fupi. Ukiona HAC-001 halafu -01 kwenye mabano, ndiyo ile ya betri ndefu. Ile ya OLED ya 2021 ina kioo kizuri cha inchi 7, ukiipata kwa bei inayolingana na mfuko wako, chukua hiyo. Switch Lite kwa nyumba yenye watoto wengi mimi siishauri, haiendi kwenye TV na vishikio vyake havichomoki.

Na jaribu kuingia dukani kwenye mashine kabla hujatoa pesa. Mimi niliuziwa moja na mtu wa mtandaoni, inang'aa, kumbe imefungiwa, haiingii mtandaoni milele. Nilikuja kujua nyumbani. Pesa haikurudi.

Chaja ya huku haina tabu, plagi ya Uingereza ndiyo hiyo hiyo ya kwetu, inaingia ukutani moja kwa moja. Ndugu wa Marekani watawanunulieni na adapta.

Basi, mwanangu wa Tanga, jibu lako hili hapa, nimeliweka mezani ulione. Memori kadi ya GB 256. Kadi tatu za gemu, zimetumika, nimezijaribu zote. Kijiti kimoja cha akiba cha upande wa kulia. Na pawabenki, yako na mdogo wako, si ya baba yako ya kuchajia simu. Vyote pamoja havijafika nusu ya bei ya ile uliyoniomba, na kilichobaki nimemtumia mama yako kwa ajili ya sare ya kidato cha kwanza.

Zelda rudi pale ulipokwama. Lile hekalu mimi nililivuka, nikija nitakuonyesha, sikwambii kwa simu. Na kadi ya magari iacheni ndani ya mashine, muichaji usiku wa kuamkia Idi. Mimi nachukua kipande chekundu.