Punje za Siku 67

Habari za jioni, ndugu zangu. Mlioketi nyuma sogeeni, maana leo naandika tarakimu nyingi na chaki yenyewe kipande. Simu zikae mfukoni kwanza. Nitawaambia wakati wa kuzitoa.

Bibi anampa mjukuu punje za mtama. Leo moja, kesho mbili, keshokutwa nne, mtondo nane, mtondogoo kumi na sita. Wiki ikiisha mjukuu ana punje 127: chukua mbili saba, zizidishe zote pamoja, utoe moja. Bibi akishikilia ahadi yake hadi siku ya 67, jumla ni hii:

147,573,952,589,676,412,927.

Tarakimu 21. Ghala la bibi limekauka zamani.

Sasa, 127 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Je, hii ndefu? Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha ya siku ambazo jumla yake ni tasa, na 67 imo. Alikosea, lakini kosa lenyewe lina utamu wake.

Tazameni siku ya 11. Jumla ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Gawanya 23 kwa 22, baki moja. Gawanya 89 kwa 22, baki moja tena. Si bahati nasibu hiyo. Hesabu ya siku ikiwa tasa, ukiiacha mbili, kila kigawo cha jumla lazima kibakishe moja kikigawanywa kwa mara mbili ya siku hizo. Kwa 67, basi, tunapanda ngazi ya 134: tunajaribu 135, 269, 403, na kuendelea. Namba nyingine zote tunazipita bila hata kuzisalimu.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba namba yetu si tasa. Vigawo vyake? Hakuvijua hata kimoja! Hapo wengi hunikazia macho. Lakini mama sokoni hutikisa nazi akajua imeharibika kabla ya kuivunja. Chukueni 7: zidisha mbili sita pamoja, unapata 64, gawanya kwa 7, baki moja. Kila tasa iliyo witiri hutii hivyo: mbili zipungue moja kuliko namba yenyewe, baki liwe moja. Sasa 15. Mbili kumi na nne zinatoa 16,384. Gawanya kwa 15, baki nne. Imeshindwa, basi si tasa, na sijataja 3 wala 5. Kipimo cha Lucas ni kikali zaidi, ila ni cha ukoo huohuo.

Nazi ikabaki haijavunjwa hadi Oktoba 1903, New York, kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani. Inasimuliwa kwamba Frank Nelson Cole aliufuata ubao bila kutamka neno, akaikokotoa namba hii upande mmoja, kisha upande wa pili akazidisha kwa mkono:

193,707,721 × 761,838,257,287.

Majibu yakalingana, ukumbi ukapiga makofi, naye akarudi kitini. Alipoulizwa ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Namwamini. Kigawo kile kidogo kiko kwenye kidato cha 1,445,580 cha ngazi yetu, na chini yake hakuna kinachokubali. Kuhakiki lakini ni kazi ya alasiri moja, na pengo hilo kati ya kutafuta na kuhakiki ndilo linalofanya namba ndefu zaidi ya hizi zitumike kufunga siri kwenye mtandao.

Haya, toeni simu. Namba nzima kikokotoo cha wengi wenu kitaifupisha kwa herufi E, kwa hiyo tushike mikia tu: 721 mara 287. Nani ameshapata? Naam, dada pale dirishani: 206,927. Sasa tazama ubaoni, dada, tarakimu tatu za mwisho.