Akipaisha, Wanashangilia

Ahsanteni. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nimeombwa nizungumzie ridhaa. Neno hili tumelizoea kwenye ngumi: kuna ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Mtu wa ridhaa ni yule aliyekubali mwenyewe, hakuna mshahara uliomsukuma. Nimewaletea wawili wa namna hiyo, mmoja ana gitaa, mwingine ana mguu.

Wa gitaa kwanza. Mwishoni mwa 2005 YouTube ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Ikawekwa video ya kijana kakaa chumbani, dirisha liko nyuma yake, jua linakupiga wewe mtazamaji, na kofia imemfunika macho. Anapiga Canon, muziki wa Pachelbel, mtunzi Mjerumani aliyefariki 1706, kwa gitaa la umeme. Hata mpangilio si wake, ni wa JerryC, mpiga gitaa wa Taiwan. Jina aliloliacha ni funtwo, basi. Watu mamilioni wakatazama, na wengine wakajitokeza kudai kwamba wao ndio funtwo! Agosti 2006 gazeti la New York Times likamtambulisha: Jeong-Hyun Lim, mwanafunzi Mkorea.

Wanamuziki wetu wa mahotelini kazi hii huiita kupiga kopi, na wapo wanaolitamka neno hilo wakikunja pua. Mimi naona wanakosea. Wimbo mgeni ukipigwa, utajuaje kama mpigaji kateleza? Lakini ule unaoujua, sikio lako linatangulia, linakwenda kumsubiri kwenye kona. Akifika mapema unamwona. Akichelewa unamwona. Akivuta pumzi kabla ya sehemu ngumu, na wewe unaivuta.

Na huo ndio mlango wa kuingilia kwa mtu wa mguu.

Futiboli ya Marekani ni mchezo wa kukumbatia mpira na kugongana, lakini kila timu ina mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga teke. Kwetu hapa mchezaji akipaisha juu ya mtambaa panya, jukwaa zima linamzomea. Kule akipaisha katikati ya milingoti, anapewa pointi tatu na watu wanashangilia. Mnacheka, ila fikirieni hali yake. Wenzake wana kilo 130, wana matope hadi masikioni. Yeye jezi yake safi, muda wote alikuwa pembeni akipiga mpira kwenye wavu mdogo. Vyuoni wengi wao wamekuwa wakijiunga bila ufadhili wowote, wakilipa ada kama kawaida. Kisha zinabaki sekunde chache, anaitwa.

Mpira unarushwa nyuma, mwenzake anaudaka na kuusimamisha kwa kidole, yeye anapiga. Yote hayo ni sekunde moja na kidogo. Kocha wa upande wa pili anaruhusiwa kuomba mapumziko dakika ileile, makusudi, ili kijana apate muda wa kuogopa.

Watu wa ligi ya kulipwa, NFL, wameshaimaliza hofu hiyo. Teke la pointi moja baada ya kufunga walikuwa wanalipata kwa zaidi ya asilimia 99, mpaka 2015 ligi ikalisogeza nyuma ili liwe na maana. Vyuoni halikusogezwa. Milingoti ina upana uleule, futi 18 na nusu, lakini mistari wanayoanzia mchezo imeachana zaidi, futi 40, kwa hiyo kijana wa chuo mara nyingi anapiga kutoka pembeni zaidi kuliko mtu wa NFL. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa na ugomvi gani na wanafunzi.

Novemba 30, 2013, timu ya chuo cha Alabama, bingwa mtetezi, iko ugenini kwa chuo cha Auburn. Ni 28 kwa 28, imebaki sekunde moja. Mpigaji wa kawaida alishakosa siku hiyo, basi wakamwita kijana, Adam Griffith, mzaliwa wa Poland. Yadi 57. Akapiga, mpira ukaishiwa nguvu karibu na milingoti. Chini yake alikuwa amesimama Chris Davis wa Auburn. Akaudaka, akakimbia nao uwanja mzima, pointi sita, 34 kwa 28. Teke la Griffith likawa ushindi wa Auburn.

Mnajua lawama za mashabiki zilivyo. Lakini Januari 11, 2016, fainali ya taifa dhidi ya Clemson, ni 24 kwa 24, robo ya mwisho, na anayekwenda kuanzisha mpira ni Griffith huyohuyo. Wote wanangoja apige mbali, mpira uwe wa Clemson. Akaudokoa tu, ukapanda taratibu, ukaenda kutua penye uwazi mikononi mwa mwenzake, Marlon Humphrey. Clemson wameduwaa. Alabama wakatwaa ubingwa, 45 kwa 40.

Lile teke la pili nimelirudia mara nyingi kuliko bao lolote la soka, na mimi ni mtu wa soka.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Basi, ndugu yangu hapo mlangoni, tupunguzie taa, tumwone funtwo. Ni dakika tano na ushee. Vidole kila mtu ataviangalia, nyie niangalieni ile kofia, hasa inapokaribia sehemu ya kasi.