Mluzi wa Nani, kwa Nani?

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Fundi mitambo ameniomba nisipige mluzi karibu na maiki, kwa hiyo leo nitausimulia tu.

Tuanzie kwenye daladala la Gongo la Mboto, jioni, watu wamesimama mpaka mlangoni. Konda kaning'inia nje, dereva hamwoni hata kwenye kioo. Unasikia mluzi mmoja mfupi, gari linasimama. Miwili ya harakaharaka, linaondoka. Gari jingine wana utaratibu wao, na ndiyo maana konda wa deiwaka, yaani wa kibarua cha siku, huelewana kwanza na dereva kabla hawajatoka kituoni. Hilo la kuelewana kwanza ndilo lililonileta hapa.

Kwa nini asipaze sauti tu? Sauti ya kawaida inamezwa na injini. Mluzi hautegemei nyuzi za sauti kooni. Hewa inapita kwenye tundu dogo la midomo, kinywa kinavuma kama chupa inayopulizwa, na ulimi ndio unaopandisha na kushusha. Nguvu yote inakusanyika kwenye eneo jembamba, takriban hezi 1,000 hadi 4,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), ambako sikio letu ni jepesi sana na muungurumo wa gari au upepo umeshapungua. Katika kisiwa cha La Gomera, Visiwa vya Kanari, watu huzungumza Kihispania kizima kwa mluzi, kutoka mlima huu hadi ule, na tangu 1999 watoto wanafundishwa shuleni. Mhispania asiyefundishwa hupata taabu kuwaelewa.

Sasa njooni nyumbani, Ziwa Eyasi. Mhadzabe, wa jamii ya wawindaji wa huko, akitaka asali hupiga mluzi, na ndege aitwaye mlembe huja na kumwongoza mti kwa mti hadi kwenye nyuki. Mtu anafukiza moshi, anapasua, anachukua asali. Ndege anachotaka yeye ni nta na mabuu. Kusini zaidi, Niassa, Msumbiji, Wayao wanamwita ndege huyohuyo kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia na mguno: brrr-hm! Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walirekodi miito yote miwili wakaicheza pande zote mbili. Matokeo yalitoka 2023: mlembe wa Eyasi aliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, wa Niassa akaitikia wa Wayao karibu mara mbili ya ule wa Wahadzabe. Ndege wa porini, hakufugwa na mtu, naye anajua mapatano ya kwao!

Mnacheka, lakini hebu tuje usiku. Nani hapa hakuambiwa akipiga mluzi usiku anaita nyoka au majini? Kwa nyoka, wazee walikosea kidogo. Nyoka husikia zaidi sauti nzito, chini ya hezi 600 hivi. Mluzi unampita juu. Majini siwezi kuwasemea. Ila katazo lenyewe naliona lina akili. Giza likiingia, mluzi unaosikika mtaani ni wa walinzi, wale vijana wa Kimasai waliouzoea tangu machungani, mmoja anapiga huku na mwenzake anajibu kule getini. Au ni wa mwizi na mwenzake. Mtoto wako akiingiza wa kwake katikati, nani atajua unamhusu nani? Miluzi mingi humpoteza mbwa, na mlinzi pia.

Hapo ndipo ninapogombana na vijana wa kijiweni. Dada anapita zake Kariakoo, mizigo mikono yote miwili, unasikia mluzi mrefu mgongoni kwake. Mlipatana lini? Konda kapatana na dereva, Mhadzabe na ndege, mchungaji na ng'ombe wake. Huyu dada hamna mlichopatana, halafu ukiulizwa unasema ulikuwa unamsifia. Kama unamfahamu, ana jina, muite. Kama humfahamu, mpishe apite.

Sasa maswali. Mzee pale mbele kanyoosha mkono tangu nilipomgusa nyoka. Karibu, mzee wangu.