Treni Tupu ya Saa Moja Asubuhi

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa usafirishaji na wananchi

Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni. Na nyie wanangu wa usafirishaji mliokaa mbele na madaftari, hamjambo.

Historia ya reli ya kati naiacha, mnaijua. Nitaanza na karatasi.

Kabla ya kompyuta, ratiba ya treni ilichorwa kwa mkono. Karatasi pana kama mkeka inatandazwa mezani. Juu kuna saa, ubavuni kuna majina ya stesheni: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, mpaka Morogoro. Kila treni ni mstari mmoja wa mshazari. Treni ya mbio mstari wake umesimama, ya mizigo umelala. Zinazopanda bara zinaelekea huku, zinazoshuka pwani zinaelekea kule, na mistari miwili inapokatana ndipo treni mbili zinapokutana. Reli zetu ni za njia moja, ile ya zamani na hii ya SGR pia, kwa hiyo hapo zinapokutana lazima pawe na njia ya kupishania. Kama haipo, unashika raba. Unafuta, unasogeza dakika sita. Ukishasogeza dakika sita hapa, kule mbele mistari mingine mitatu nayo inataka kusogezwa. Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nywele zikageuka rangi, na ndiyo maana nikisikia mtu anasema "ratiba ni saa tu, andika nyingine", moyo unaniruka.

Sasa, mchoraji mzuri hajazi karatasi yote. Anaacha pengo. Waliotembelea mashamba ya miti ya Sao Hill kule Mufindi wameona barabara za moto: ukanda uliofyekwa mweupe katikati ya misonobari, hakuna kilichopandwa, ili moto ukiwaka upande huu usirukie upande wa pili. Pengo kwenye ratiba ni hilohilo. Treni ya saa kumi na mbili na nusu ikichelewa dakika tano, kuchelewa kwake kunaishia kwenye pengo, hakufiki kwa treni ya saa mbili. Na Waingereza pengo hilo wanaliita kwa mfano huohuo wa moto.

Na hapa ndipo kisa changu kilipo. Waliowahi kunisikia wanakijua, lakini leo nataka kukisema chote.

Kuna treni ya saa moja kamili asubuhi kutoka Manchester kwenda London, kituo cha Euston. Inaendeshwa na kampuni ya Avanti West Coast. Safari yake inachukua saa moja na dakika 59, na kati ya miji hiyo miwili ndiyo iliyokuwa ya haraka kuliko zote. Mwishoni mwa mwaka 2025, ratiba mpya ya Desemba ikiwa mlangoni, mdhibiti wa kule, Ofisi ya Reli na Barabara ambayo kifupi chake ni ORR, alikataa kuiruhusu iendelee kubeba abiria. Sababu ilikuwa ya kitaalamu kabisa: nafasi yake iko ndani ya pengo, na Network Rail, ambao ndio wenye njia, walikuwa na ushahidi kwamba kujaza mapengo ya njia ile ya magharibi kunaharibu utunzaji wa muda kwa wote.

Mpaka hapo mimi niko na mdhibiti. Kwa mikono miwili.

Lakini mabehewa yale yanahitajika London asubuhi hiyo, yaanze kazi nyingine kutoka Euston. Kwa hiyo treni ingeondoka Manchester saa moja ileile, njia ileile, mpaka Euston, ikiwa na wafanyakazi ndani, na abiria hata mmoja asiruhusiwe kupanda. Kila siku ya kazi, kwa miezi. Hebu simameni pale kwenye jukwaa la stesheni. Baridi ya Desemba. Una kikao London saa nne. Treni imesimama mbele yako, taa zinawaka, viti vitupu, milango imefungwa, halafu inaondoka. Wewe unasubiri nyingine.

Magazeti yakaipata. Wanasiasa wakapaza sauti. Katika siku chache mdhibiti akatengua uamuzi wake: treni ibebe abiria kama kawaida.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu wengi kisa hiki wanakichekea na kukiacha hapo. Je, mdhibiti alikosea wapi? Hakukosea kulinda pengo. Alijibu sawasawa swali lililokuwa kwenye karatasi: je, tuweke treni ya abiria ndani ya pengo hili? Hapana. Swali ambalo karatasi haikuwa nalo ni la kijana yeyote wa yadi: mabehewa yenyewe yanalala wapi, yanaamkia wapi, na saa moja asubuhi yako juu ya reli au hayapo? Yakishakuwa juu ya reli, pengo limekwisha kuzibwa. Reli haijui kama kiti kina mtu. Unazuia nini tena hapo? Unawazuia watu.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mama, si walirekebisha? Yaishe." Hapana, mwanangu, yasiishe. Tazama walivyorekebisha. Walieleza hadharani kwamba uamuzi wa kwanza ulijengwa juu ya dhana: kwamba mwenye njia atakuwa huru kuitumia nafasi ile kwa namna mbalimbali, kadiri ya hali ya siku. Kisha ikaja taarifa mpya kwamba treni hiyo lazima iingie Euston, haiwezi kupelekwa pembeni nje ya njia kuu. Dhana ikaanguka, uamuzi ukaanguka nayo. Wameutaja ufa ulipo. Fundi wa kesho ataujua.

Mwingine atasema, "Walitishwa na kelele." Inawezekana kelele zilisaidia, sikatai. Lakini pimeni. Mwezi Julai mwaka huohuo ORR walikuwa wamezikatalia kampuni tatu zilizoomba kuanzisha safari kwenye njia hiyohiyo, Virgin, Lumo na ile iitwayo Wrexham, Shropshire and Midlands, kwa sababu njia imejaa. Kama treni ya Manchester ingerudishwa kwa sababu ya kelele peke yake, hao watatu wangekuwa mlangoni kesho yake wakidai, na haki wangekuwa nayo. Sababu iliyoandikwa ndiyo iliyomlinda mdhibiti: hizi zenu ni treni za kuongeza, ile ilikuwa inapita hata tungeikataa. Uamuzi uliotenguliwa bila sababu humwachia mdhibiti deni kwa kila aliyewahi kukataliwa.

Niwape na la kwangu. Stesheni sitaitaja, na mwenye treni sitamtaja. Niliingia alfajiri, nikakuta karatasi imebandikwa kwenye kioo cha dirisha la tiketi kwa plasta ya kidonda. Saa moja imekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake imeandikwa saa tatu. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna muhuri. Wiki iliyofuata karatasi haipo tena, saa imerudi ilivyokuwa. Siku hiyo mama mmoja alifika saa mbili na nusu na ndoo mbili za dagaa wabichi, amejifunga kanga mbili, ametembea na jua. Treni imeondoka saa moja. Akaninyooshea mkono pale kwenye kioo, bado gundi ya plasta imebaki, akaniuliza: "Dada, nani kabadilisha?" Nilikuwa mtu wa reli. Ratiba nazichora mimi. Sikuwa na jina la kumpa. Alikaa chini, akaanza kumwagia maji ndoo zake.

Swali la yule mama ndilo ninalolizungusha nchi hii miaka yote. Hakuuliza kwa nini imebadilika. Aliuliza nani.

Kwetu mdhibiti yupo. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, imeundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ikachukua nafasi ya SUMATRA. Upande wa nauli tumejifunza adabu nzuri: watu wanaitwa ukumbini, mwendeshaji anaeleza gharama zake, baraza la watumiaji linasema, ndipo uamuzi unatangazwa. SGR ilipoanza mwaka 2024 kila mtu mjini hapa alijua daraja la kawaida Morogoro ni shilingi 13,000 na Dodoma 31,000. Vizuri sana. Sasa niambieni, ni lini uliitwa ukumbini kusema neno kuhusu saa ya treni? Saa nayo ni nauli! Anayefanya kazi Posta na analala Pugu, ukimsogezea treni dakika arobaini umemtoza, ila hukumpa risiti.

Nitaambiwa tena, kama ninavyoambiwa kila mara, kwamba Uingereza wana kampuni nyingi zinazogombea reli moja, kwa hiyo wanahitaji mwamuzi. Sisi mwenye reli na mwenye treni ni shirika lilelile, ratiba ni jambo lake la ndani. Hoja hii inanichosha. Kwanza, shirika likiwa moja ndipo abiria anapokosa mtu wa pili wa kumuuliza. Pili, mazungumzo ya kuruhusu waendeshaji binafsi kwenye njia yetu yameshaanza. Siku wa kwanza atakapoleta mabehewa yake, mtu atakaa mezani aamue nani apishe nani pale Ngerengere, treni ya shirika au ya mwenye fedha. Kule sheria yao ya mwaka 1993 inasema mkataba wa kutumia njia hauna nguvu bila mdhibiti, na ratiba inabadilika mara mbili kwa mwaka, Desemba na Mei, kwa tarehe zinazojulikana. Sisi tunataka tuanze kuuliza maswali haya wakati treni mbili zimeshakabiliana?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka.

Mei 2018. Hiki kingestahili mhadhara wake. Tarehe 20 Mei Uingereza walibadili ratiba kubwa kuliko walivyozoea, kazi za kuweka umeme upande wa Bolton zikiwa zimechelewa na madereva wengine hawajajifunza njia mpya. Ikaporomoka. Kuanzia tarehe 4 Juni kampuni ya Northern peke yake ikaondoa treni 165 kwa siku. Uchunguzi uliongozwa na Profesa Stephen Glaister, mwenyekiti wa ORR yenyewe, na ukasema hakuna aliyeshika usukani, mdhibiti akiwemo. Mdhibiti aliandika makosa yake mwenyewe, yapo, yasomeni.

Rufaa: uamuzi wa LATRA usiporidhika nao, unakwenda Baraza la Ushindani. Njia ipo. Lakini uamuzi wa saa ambao haukuandikwa popote, unaukatia rufaa ipi? Na mabasi ya usiku, marufuku ya miaka mingi ikaondolewa mwaka 2023, mlijadili wenyewe kwenye kila kijiwe; sina haja ya kurudia.

Ninachoomba ni karatasi moja kwenye kila dirisha la tiketi, kila saa inapobadilika na kila inaporudishwa: nani ameamua, alidhani nini, na mabehewa yatakuwa wapi. Yenye jina na tarehe.

Nilikuwa na sehemu nzima ya treni za mizigo na bandari, naiacha. Kijana mwenye shati la kijani ameanza kunyoosha mkono tangu Manchester. Karibu, baba, sema.